Kizibo, Kifuniko na Kikinga: Historia Fupi ya Kinga ya Masikio ya Mpiga Shabaha

Utangulizi

Hivi karibuni tuliletewa mezani, ili tuihakiki, tafsiri ya mwongozo mfupi wa usalama katika uwanja wa shabaha. Mwongozo wenyewe ulikuwa wa kurasa nne tu, na Kiswahili cha mfasiri wake kilikuwa kizuri. Hata hivyo, katika ukurasa wa pili tulikuta mambo matatu yaliyotusimamisha. Kwanza, kifaa anachotakiwa kuvaa mlenga shabaha kiliitwa 'vitambaa vya kukinga masikio na baridi'. Pili, ilielezwa kuwa kifaa hicho 'hupunguza kelele kwa asilimia 30'. Tatu, pale mwongozo wa asili ulipoagiza kuwa anayepiga bunduki kubwa avae vifaa vya aina mbili kwa pamoja, tafsiri ilisema avae 'ama kimoja ama kingine'.

Makosa haya hayakutokana na uvivu. Mfasiri alitafuta katika kamusi, akachukua alichokikuta. Yaelekea kuwa kosa la kwanza limetokana na jina la kifaa, la pili na kipimo chake, na la tatu na kutojulikana kwa tofauti iliyopo kati ya aina moja ya kifaa na nyingine. Kwa maneno mengine, palikosekana istilahi, na istilahi zilikosekana kwa sababu historia ya vitu vyenyewe haijapata kuelezwa kwa Kiswahili kwa namna inayomsaidia mfasiri.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo. Lakini mwongozo wa namna hiyo husomwa na askari mwanafunzi, na mlinzi wa ghala, na askari wa wanyamapori, na mwanamichezo wa kulenga shabaha. Mtu huyo akivaa asichopaswa kuvaa, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa na karatasi yetu, atarudi nyumbani akiwa amepoteza kitu ambacho hakuna hospitali itakayomrudishia. Ndiyo maana tumeona inafaa kufuatilia asili ya vifaa hivi, tueleze namna vinavyofanya kazi na namna vinavyochaguliwa, kisha tutoe mapendekezo ya majina.

Sikio na Mshindo

Kwamba kelele huharibu masikio ni jambo lililojulikana zamani. Bernardino Ramazzini, daktari wa Kiitalia, aliandika kitabu juu ya maradhi ya mafundi kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1700 na kuongezwa mwaka 1713. Humo alieleza jinsi wafua shaba wa Venice walivyokuwa wakipoteza usikivu wao kwa kugonga nyundo mchana kutwa. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, huko Scotland, aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakitengeneza boila, na katika hao hakumpata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Madaktari waliuita ugonjwa huo uziwi wa mafundi boila.

Mpiga bunduki ni ndugu wa fundi boila, ila yeye huumia kwa njia ya mkato. Sauti ifikapo sikioni hutikisa kile kiwambo cha sikio. Mtikiso huo hupita katika vifupa vitatu vidogo, kisha huingia katika kijumba kilichojisokota mithili ya konokono na kujaa maji. Ndani ya kijumba hicho mna chembe zenye vinyweleo, na chembe hizo ndizo zinazougeuza mtikiso kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Kelele ya kiwandani huzichosha chembe hizo kidogo kidogo kwa miaka. Mlio wa bunduki, ambao hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, waweza kuzivunja mara moja. Na chembe hizo, zikisha kufa katika sikio la binadamu, hazioti tena.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kutofautisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. 'Kelele' ni sauti inayoendelea, kama ya mashine ya kusaga au ya jenereta. 'Mshindo' ni sauti inayotokea ghafula na kukoma, kama ya risasi au ya baruti. Wataalamu hupima kelele kwa wastani wa saa nyingi, bali mshindo hupimwa kwa kilele chake. Sheria na miongozo huvitaja vitu hivi viwili mbalimbali, na tafsiri haina budi kuvitaja mbalimbali.

Madhara ya mshindo yana tabia mbili ambazo mwalimu wa shabaha anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kuwa sikio la upande mmoja huumia zaidi. Anayelenga kwa bega la kulia huelekeza sikio la kushoto upande wa mdomo wa mtutu, na sikio la kulia likasitiriwa na kichwa chake mwenyewe. Ya pili inatuhusu sisi watu wa lugha hasa. Usikivu hauanzi kupotea katika sauti nzito. Huanza kupotea katika sauti nyembamba, za kiasi cha mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Sauti nzito za irabu hubaki. Zinazofifia ni konsonanti nyepesi kama s, sh, f na th. Mtu wa namna hiyo atakuambia kuwa anakusikia, na kweli anakusikia. Lakini hatajua kama umemwambia 'fika' au 'shika', wala kama unazungumzia 'samani' au 'thamani'. Watu wa nyumbani hudhani anapuuza. Mwalimu wake hudhani ni mzito wa kuelewa. Kumbe masikio yake yamepungukiwa na herufi.

Kizibo

Kinga ya kwanza ya sikio ni ile inayoingizwa ndani ya tundu lake. Katika utenzi wa Homer, Odysseus aliwaziba mabaharia wake masikio kwa nta ili wasivutwe na nyimbo za viumbe wa baharini waliowapoteza wasafiri. Hadithi hiyo ya kale haikuishia vitabuni. Mwaka 1907 Max Negwer, mwuzaji wa dawa wa Berlin, alianza kutengeneza vizibo vya nta iliyochanganywa na pamba, na husemekana kuwa aliipata fikra yake katika kisa hicho. Kwa wana istilahi jina aliloviita linastahili kuangaliwa. Aliunganisha neno la Kijerumani lenye maana ya sikio na neno la Kilatini lenye maana ya amani, likawa Ohropax. Hakusema kifaa kimetengenezwa kwa nini wala kina umbo gani, bali alitaja faida anayoipata mvaaji.

Vita vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, viliwafikisha vijana kwa mamilioni katika mishindo ya mizinga ambayo haijapata kusikiwa kabla ya hapo. Vizibo vya Negwer vilitumiwa na askari wa Ujerumani. Upande wa Uingereza palikuwa na kizibo kilichoitwa Mallock-Armstrong, kilichofanyizwa kwa mpira mgumu. Katika Vita vya Pili, watafiti wa Marekani walibuni kizibo cha mpira laini chenye ukingo, kilichopewa namba V-51R, nacho kiliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya vita kwisha.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1972, ulipoanza kuuzwa ule mche mdogo wa povu ambao leo unajulikana duniani kote. Povu hilo hufikichwa kwa vidole hadi liwe jembamba, likaingizwa sikioni, kisha likatanuka polepole na kujaza tundu. Ni rahisi, ni jepesi, na likiingizwa sawasawa huzuia sauti kuliko karibu vifaa vingine vyote. Tatizo lake limo katika neno hilo 'sawasawa'. Hulazimu kulivuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ili tundu linyooke, na kulishikilia povu mpaka litanuke. Asiyefanya hivyo hubaki na kipande cha povu kilichoning'inia mlangoni mwa sikio, nacho humpa moyo bila kumpa kinga.

Kuhusu pamba kavu, ambayo wengi wetu tumewaona wazee wakijisokotea masikioni, yatosha kusema kuwa huondoa desibeli chache tu. Pamba hiyo si kinga ya bunduki.

Umuhimu wa maelezo ya namna ya kuvaa umeonekana pia mahakamani. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 6, bila kukiri kosa, ili kumaliza madai ya askari na waliokuwa askari wa nchi hiyo kuhusu kizibo kimoja cha kijeshi. Wadai walisema kuwa kizibo kilikuwa kifupi mno, hata kikaweza kulegea sikioni bila mvaaji kutambua. Sisi hatumo katika kesi hiyo. Lakini inatukumbusha kuwa katika vifaa vya aina hii milimita chache, na sentensi moja ya maelekezo, zaweza kuwa na uzito mkubwa.

Kifuniko

Aina ya pili haiingii sikioni, bali hulifunika sikio zima kwa nje. Hapa ndipo lilipozaliwa kosa la kwanza la mfasiri wetu, kwa maana jina la Kiingereza la kifaa hiki halikutoka katika kelele hata kidogo.

Mwaka 1873, katika mji wa Farmington, jimbo la Maine, kaskazini ya Marekani, kijana wa miaka 15 aitwaye Chester Greenwood alikuwa akisumbuliwa na baridi ya masikio. Alipinda waya, akamwomba bibi yake amshonee manyoya katika ncha zake, akajivika kichwani. Mwaka 1877 alipata hataza ya kifaa hicho. Neno alilotumia lilihusiana na ule mfuko wa manyoya ambao wanawake wa nchi za baridi walikuwa wakitia mikono ndani yake ipate joto. Hivyo, jina la asili lilikuwa jina la vazi la majira ya theluji.

Kiasi cha miaka 70 baadaye, ndege za jeti ziliingia katika majeshi. Mafundi waliokuwa wakizihudumia uwanjani walikutana na kelele ambayo vizibo peke yake havikuitosha. Katika miaka ya 1950 vilisambaa vifuniko vigumu vilivyobana kichwa kwa utepe wa chuma, na mwaka 1956 jeshi la anga la Marekani lilitoa kanuni rasmi juu ya kelele zenye hatari. Kwa kuwa kifaa kipya kilifanana na kile cha manyoya, kikarithi jina lake. Waingereza na Wamarekani hawakupata taabu yoyote, kwani walikuwa wakiviona vifaa vyote viwili. Aliyepata taabu ni mfasiri wa Dar es Salaam au wa Mombasa, ambaye kamusi ilimpeleka kwenye baridi na hali yeye alikuwa anatafuta bunduki.

Kifuniko cha kelele kina sehemu kuu tatu. Pana vikombe viwili vya plastiki ngumu, vilivyotandikwa povu kwa ndani. Pana mito miwili laini inayozunguka midomo ya vikombe na kuubana ngozi ya kichwa. Tena pana upinde unaoviunganisha vikombe na kuvisukuma viambatane na kichwa. Kazi kubwa hufanywa na mto. Palipo na upenyo, hata kama ni mwembamba kama mkono wa miwani, sauti hupita. Mto uliopasuka au uliokauka hauna thamani, hata kama vikombe vinang'aa.

Namba Iliyoandikwa kwenye Kasha

Sasa tuliangalie kosa la pili, la asilimia. Kipimo cha sauti kiitwacho desibeli kilitokana na kazi ya wahandisi wa simu wa Marekani katika miaka ya 1920, nao walikipa jina kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Bwana huyo tunamkumbuka kwa simu, lakini alikuwa pia mwalimu wa viziwi.

Desibeli haihesabiwi kama kilo au mita. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi ya ilivyokuwa. Kwa hiyo desibeli 20 ni mara mia, na 30 ni mara elfu. Kifaa kinachopunguza desibeli 30 huacha sehemu moja tu katika elfu ya nguvu ya sauti ipite. Lau kama kingepunguza asilimia 30, kama tafsiri ilivyosema, kingeondoa kiasi cha desibeli moja na nusu tu, na mvaaji asingetambua tofauti. Neno moja lililobadilishwa limekigeuza kifaa bora kuwa pambo.

Tangu mwaka 1979 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani linawataka watengenezaji waandike kwenye kasha kiwango cha upunguzaji kelele cha kila kifaa. Vizibo vizuri vya povu hufika 33, na vifuniko vizuri hufika 30 au 31. Nchi za Ulaya zina hesabu yao iliyo tofauti, hivyo namba ya kasha la Ulaya haifai kulinganishwa moja kwa moja na ya kasha la Marekani. Tena namba hizi hupatikana maabara, ambako mvaaji amevalishwa na mjuzi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilishauri mwaka 1998 kuwa, kwa makadirio ya kazi halisi, kiwango cha vifuniko kipunguzwe kwa robo, cha vizibo vya povu kwa nusu, na cha vizibo vingine kwa asilimia 70. Ushauri huo wenyewe unatufundisha jambo. Kifuniko hupoteza kidogo kwa kuwa ni vigumu kukivaa vibaya, na kizibo hupoteza kingi kwa kuwa ni rahisi kukivaa vibaya.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Bunduki ndogo ya .22 hufikia kilele cha kama desibeli 140. Bunduki kubwa na bastola nyingi huvuka 150, na nyingine hupita 170. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukaa katika zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, na zinakataza kilele cha zaidi ya 140 kwa wakati wowote. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Basi, kwa hesabu ya karibu tu, chukua bunduki yenye kilele cha 160 na kifuniko chenye kiwango cha 28. Ukipunguza robo, hubaki 21, na sikio litapata 139. Mtu amesimama ukingoni kabisa mwa hatari. Tena viwango hivi vilipimwa kwa kelele ya mfululizo wala si kwa mshindo, kwa hiyo si busara kuviamini hadi tarakimu ya mwisho.

Hapo ndipo panapoeleweka agizo la kuvaa vyote viwili, yaani kizibo ndani na kifuniko juu yake. Faida yake si jumla ya namba mbili. Huongezeka kiasi cha desibeli 5 hadi 10 juu ya kile kilicho bora, kwani sauti nyingine hupenya kwa njia ya mifupa ya kichwa. Hata hivyo, kwa bunduki kubwa, na hasa katika uwanja wenye paa na kuta zinazorudisha mshindo, desibeli hizo ndizo zinazomvusha mtu ukingo. Kuandika 'ama kimoja ama kingine' ni kumrudisha pale pale.

Kumchagulia Mtu Kinga Inayomfaa

Mkuu wa uwanja, au ofisa anayeandika orodha ya vifaa vya kununuliwa, aghalabu hutazama namba kubwa na bei ndogo. Yapo mambo mengine ya kuzingatia, nayo tunayataja kwa kuwa ndiyo yatakayohitaji maneno.

Kwanza, silaha na mahali. Kwa bunduki ndogo katika uwanja wa wazi, kifaa kimoja kilichovaliwa vema chaweza kutosha. Kwa bunduki kubwa, au ndani ya jengo, vivaliwe viwili.

Pili, umbo la kikombe. Kikombe kinene huzuia sauti zaidi, lakini mlenga shabaha wa bunduki ndefu huegemeza shavu kwenye kitako, na kikombe hicho hugonga kitako na kuinuka. Mara hiyo mto huachana na ngozi, na mshindo huingia wakati ule ule risasi inapotoka. Kwake yeye kikombe chembamba ni bora, na anapohitaji kinga zaidi aongeze kizibo ndani.

Tatu, miwani. Katika uwanja wa shabaha miwani ya kukinga macho ni lazima, na mikono yake hupita chini ya mto. Ichaguliwe miwani yenye mikono myembamba na mito iliyo laini.

Nne, joto. Katika nchi zetu kifuniko hutoa jasho, na mvaaji hukiinua mara kwa mara apate upepo. Sikio halihesabu dakika za kuvaliwa, huhesabu mshindo uliolikuta wazi. Anayejijua kuwa hatavumilia kifuniko kwa saa mbili apewe kizibo, na afundishwe kukivaa.

Tano, amri. Aliyezibwa masikio hasikii amri ya kusitisha kupiga, na hiyo ni hatari ya aina nyingine. Kwa ajili hiyo vimetengenezwa vifuniko vyenye mitambo ya elektroniki. Maikrofoni zilizo nje ya vikombe hukuza maneno ya kawaida na kuyaleta sikioni, na mara upigapo mshindo hukatiza ukuzaji huo. Kinga yenyewe bado hutoka katika kikombe na mto. Betri ikiisha, kifuniko hubaki kifuniko cha kawaida.

Sita, wasiopiga. Mwalimu, mwandika alama na mtoto aliyefuatana na baba yake wote husikia mshindo ule ule, na mwalimu huusikia siku zote. Nao wavae.

Majina

Kama ilivyo desturi ya kazi yetu, tulitafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe. Njia ya kutohoa tuliiacha mapema. Neno la Kiingereza muff likivaa irabu ya mwisho litakuwa 'mafu', na hatuoni sababu ya kumvika askari aliye hai vitu vya wafu. Irabu nyingine tuliyoijaribu ilitoa matokeo yasiyoandikika.

'Kizuia sauti' lilipendekezwa na wenzetu wengi. Kasoro yake ni kuwa linafaa pia kwa kifaa kinachofungwa kwenye mtutu. Wasomaji wa riwaya za upelelezi watakumbuka kuwa kifaa hicho huitwa pia 'kiwambo', na hapo pana mtego mwingine, kwa sababu kiwambo ni sehemu ya sikio pia. Mwongozo unaosema 'hakikisha kiwambo kimekingwa' waweza kusomwa kwa namna tatu. Tunashauri kuwa katika maandishi ya shabaha 'kiwambo' litumike daima pamoja na kijalizo chake: kiwambo cha sikio, kiwambo cha mtutu.

Tukaona ni afadhali tuufuate mfano wa Negwer, tuanze na faida anayoipata mvaaji. Jina la jumla liwe 'kikinga sikio', wingi 'vikinga masikio'. Chini yake pawe na aina mbili, kila moja ikitajwa kwa kazi yake: 'kizibo cha sikio' kwa kinachoingia tunduni, na 'kifuniko cha sikio' kwa kinachokaa nje. Mfasiri aliye na maneno haya matatu hawezi tena kuandika 'ama kimoja ama kingine' bila kujishtukia, kwani kizibo na kifuniko hata jikoni hutumika pamoja bila kugombana. Kifaa cha baridi nacho kibaki na maelezo yake, 'vifuniko vya masikio vya baridi', kwa wanaokihitaji.

Sehemu za kifuniko tumeziita kikombe, mto na upinde. Huenda wengine wakaona kuwa maneno haya ni ya kinyumbani mno. Tunawajibu kuwa hivyo ndivyo Kiswahili kilivyofanya tangu zamani katika mambo ya silaha. 'Bunduki' na 'risasi' tuliyapata kutoka Kiarabu, na hili la pili kwa asili ni jina la madini tu. Lakini wazee wetu walipoona ile silaha kubwa ya mviringo iliyo wazi ndani, hawakwenda mbali. Walitazama gogo walilolitundika mtini kwa ajili ya nyuki, wakaiita mzinga. Leo viongozi hupigiwa mizinga 21 na hakuna anayetarajia asali.

Kwa namba ya kasha tunapendekeza 'kiwango cha upunguzaji kelele', na siku zote kiandikwe pamoja na neno desibeli. Kwa sauti ya bunduki tunapendekeza 'mshindo', na kipimo chake kiwe 'kilele cha mshindo'. Kwa ile sauti inayobaki ikilia masikioni baada ya kupiga tunapendekeza 'mvumo wa masikio'. Mvumo huo ni onyo kwamba sikio limeumizwa. Tunasisitiza kuwa haya ni mapendekezo, si istilahi zilizokwisha kusanifiwa.

Hitimisho

Tafsiri ile ya kurasa nne tuliirudisha ikiwa na masahihisho matatu. Kazi yote ilikuwa ni kubadilisha maneno yasiyozidi ishirini. Mfasiri wake alituuliza kwa nini tulikaa nayo muda mrefu, na makala haya ndiyo majibu yetu kwake.

Wahenga walisema kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Walikusudia mtu asiyekubali ushauri. Lakini kwa sikio lililopigwa na mshindo methali hiyo ni kweli neno kwa neno, maana dawa yake haijapatikana, na kilichopo ni kinga tu. Kinga hiyo humfikia mtu kwanza kama kifaa kilichomo ndani ya kasha, na pili kama sentensi iliyoandikwa juu ya kasha. Kifaa ni kazi ya viwanda. Sentensi ni kazi yetu.

Tunawaomba walimu wa shabaha, wakufunzi wa vyuo vya askari, waganga wa masikio na wafasiri watuletee maoni yao, pamoja na majina yanayotumika katika sehemu zao. Penye jina lililo bora kuliko haya, tutalipokea kwa furaha.